Nyota ya Mkia Juu ya Njoro

Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, nyumbani kwa nyanya yangu hakuna mtu aliyenyoosha kidole juu baada ya jua kuzama. Ukitaka kumwonyesha mwenzako mwezi, ulimwelekeza kwa kidevu. Ukisahau ukatumia kidole, ulikiuma kidogo kwa meno, na mambo yakaishia hapo. Mwezi haukuwa na kinyongo, nyota za kila siku pia hazikuwa nacho. Lakini nyota ya mkia ilikuwa kesi nyingine. Hiyo, alisema Nyanya, hata ukikiuma kidole mpaka mfupa, tayari imeshakuona.

Nyanya Rasoa, mama yake baba yangu, aliishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, katika shamba moja la ngano la mzungu nje ya Njoro. Mimi na wazazi wangu tuliishi Nakuru mjini, na shule zilipofungwa nilipelekwa kwake. Hakuwa mama wa maneno mengi. Alipalilia, alisali Jumapili, na alikunywa chai yake bila sukari kwa sababu alizoea hivyo. Hadithi za fisi na sungura hakuzijua, au hakuzipenda. Jambo moja tu alilisimulia, na alilisimulia kwa kila mjukuu aliyefika umri wa kuuliza kwa nini tusionyeshe.

Alikuwa ameolewa karibuni, huko kwao magharibi upande wa Kakamega, wakati nyota yenye mkia ilipotokea. Watu wengine waliingia ndani wakafunga milango. Mume wake, yaani babu yangu, alikuwa kijana wa mzaha. Alisimama katikati ya boma akainyooshea mkono mzima, akawaita wenzake waje waone. Miaka ikapita kidogo, vita vya wazungu vikaanza, na watu wa chifu wakaja kumchukua kwenda kubeba mizigo ya jeshi upande wa Tanganyika. Nyanya alikuwa na mimba ya Baba. Babu hakurudi. Haikuja habari, haikuja nguo yake, wala hakuja mwenzake wa kusema alimwona akianguka mahali fulani.

"Ilikawia," Nyanya alikuwa akisema, "lakini haikusahau."

Leo najua kwamba katika vita vile walichukuliwa wanaume wengi sana ambao hawakuwahi kuonyesha nyota yoyote. Wengi wao hawakurudi, na wake zao walitafuta sababu mahali pengine. Nyanya alikuwa ameipata ya kwake, na aliishi nayo kama mtu anavyoishi na mguu mbovu. Hakulalamika. Alipita tu kando ya vitu fulani.

Baba hakuwa mtu wa kupita kando. Jina lake lilikuwa Meshaki, na alikuwa na studio ndogo ya picha Nakuru, nyuma ya maduka ya Wahindi. Kazi yake ilikuwa nyuso za watu: nyuso za vipande vya utambulisho, nyuso za maarusi, nyuso za wazee waliotaka kuonekana na saa mkononi. Aliifanya vizuri, bila furaha nyingi. Kilichompendeza kilikuwa juu. Mama mmoja wa kizungu kule Rongai, aliyefiwa na mumewe na aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, alimwita siku moja apige picha ya nyumba yake kabla hajaiacha. Baba alipofika aliona bomba la shaba limeegemezwa ukutani pamoja na mafagio, akauliza ni kitu gani. Mama yule alimwambia kwamba miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Baba alirudi Nakuru na darubini juu ya baiskeli, imefungwa kwa blanketi.

Alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea. Alitengeneza kisanduku chembamba cheusi cha kutia kioo cha picha, kile kinachoshika mwanga badala ya filamu, akakipachika nyuma ya darubini mahali pa kuwekea jicho, ili darubini yenyewe igeuke kuwa kamera. Tatizo lilikuwa kwamba dunia inazunguka. Mwanga wa nyota ni mdogo, lazima kioo kikae wazi kwa muda mrefu, na katika muda huo nyota inatoroka. Kwa hiyo alilaza kipande cha bomba la maji juu ya miguu ya mbao, kikielekea kaskazini sawasawa. Hapa kwetu kwenye ikweta, aliniambia, kuna bahati hiyo, mhimili wa dunia unalala chini kama kijiti cha kuchomea nyama. Darubini ilizunguka juu ya kijiti kile, na yeye aliisukuma polepole kwa bolti ndefu huku jicho lake likiwa kwenye darubini nyingine ndogo ya pembeni, yenye nyuzi mbili zilizopishana. Nyota ikitaka kutoka kwenye makutano ya nyuzi, alikaza bolti kidogo. Mama alisema Baba angemsikiliza hivyo yeye, nyumba yetu ingekuwa na amani sana.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, Agosti, ambapo nyota ya mkia ilionekana. Gazeti liliandika. Nakuru ilikuwa na taa na moshi wa reli, kwa hiyo Baba aliamua kuja Njoro kwa mama yake, nilikokuwa kwa likizo, kwenye giza safi. Alifika mchana akiwa na darubini, miguu ya mbao, kitambaa chake cheusi cha kupigia picha na vioo viwili tu, kwani vioo vya aina ile vilikuwa vigumu kupatikana.

Nyanya alikuwa anapepeta maharagwe. Alimtazama akishusha mizigo mpaka akamaliza.

"Umekuja kuitafuta ile kitu," akasema.

"Mama, ile ni vumbi na barafu. Iko mbali sana, haina habari na sisi."

"Iko mbali, sawa. Na wewe umeleta bomba la kuivuta karibu."

"Haivuti. Inasaidia jicho tu."

Nyanya akaacha kupepeta. "Meshaki. Baba yako alionyesha kwa mkono huu tu," akaonyesha urefu wa mkono wake. "Wewe umekuja na kidole cha urefu wa mtu mzima."

Baba hakucheka. Nampa sifa hiyo. Alisema tu kwamba atakwenda mbali na nyumba, juu ya kilima kidogo, ili jambo lisihusu boma lake. Nyanya akampakulia chakula. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto, na kumkataza hakungesaidia. Nilipoomba kwenda naye, Nyanya alisema hapana. Niliomba tena, Baba akaahidi kwamba nitakaa chini ya blanketi na mikono ndani, na Nyanya akageuka akaingia jikoni. Nilichukulia kwamba hiyo ilikuwa ruhusa.

Kilima alichokichagua Baba kilikuwa juu ya reli. Hakukichagua kwa sababu ya reli, alikichagua kwa sababu magharibi hapakuwa na miti. Lakini lazima nieleze wakati wenyewe. Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ilikuwa haijaondolewa. Vita vya msituni vilikuwa vimepoa, watu wengi walikuwa bado kizuizini, na polisi bado walitembea kando ya reli jioni wakitafuta wale ambao pengine hawakuwepo tena. Mtu mweusi aliyeinama chini ya kitambaa cheusi, akielekeza bomba la shaba juu ya njia ya treni, alikuwa kitu ambacho askari yeyote angekiona vibaya. Baba, aliyefikiria kila kitu kuhusu mzunguko wa dunia, hakulifikiria hilo.

Jua lilizama. Kwanza ilitoka nyota kubwa ya jioni, nyeupe, chini upande wa magharibi. Halafu, kulia kwake na juu kidogo, taratibu kama doa linalojitokeza kwenye nguo iliyooshwa vibaya, ikatoka ile nyingine. Nilikuwa nimetegemea kitu cha kutisha. Ilikuwa hafifu na nzuri. Kichwa chake kilikuwa kama nyota yenye ukungu, na mkia umepinda kwenda juu, mpana, kama moshi wa jiko ukichukuliwa na upepo. Mikono yangu ilikuwa chini ya blanketi, nimeikalia.

Baba alifungua kioo na kuanza kukaza bolti. Nilisikia pumzi yake, na ng'ombe wa mzungu huko chini. Kisha nikasikia buti.

Walikuwa askari wawili wenye tochi. Mmoja alimmulika Baba usoni, mwingine akashika darubini.

"Wewe! Toka hapo. Hii ni nini?"

"Darubini, afande. Napiga picha ya nyota."

"Nyota gani? Unapiga picha ya reli."

"Afande, tazama juu tu, iko pale..." Na nilimwona Baba akigeuka na kuonyesha. Lakini wingu lilikuwa limeshaanza kupanda kutoka milima ya Mau, na pale alipoonyesha hapakuwa na kitu isipokuwa weusi.

Yule wa pili alikwisha kuchomoa kisanduku cheusi. Baba akaruka. "Usifungue, tafadhali! Ukifungua itaharibika." Hilo ndilo lililowaamulia. Kitu ambacho mtu hataki kifunguliwe ni kitu cha kufunguliwa. Askari alikifungua, akakimulika kioo kwa tochi pande zote mbili, hakuona kitu, akakitia mfukoni. Baba alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba.

Walimfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe, ile ya kufungia miguu ya mbao, wakakusanya vyombo vyake vyote. Mimi waliniambia, "Toto, kimbia nyumbani." Baba alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Loise, mwambie Nyanya nimekwenda kituo cha polisi. Mwambie ni makosa tu." Nikakimbia.

Nyanya alinisikiliza amesimama. Nilitegemea alie au aseme, "Nilikwambia." Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi kwenye kigoda akakunja mikono yake kwapani, akasema kitu kwa lugha yake ya kwao ambacho sikukielewa vizuri. Neno moja nililijua. Lilikuwa "tena".

Asubuhi tulikwenda Njoro kwa miguu, Nyanya mbele na mimi nyuma na viazi vitamu ndani ya kitambaa. Kituo kilikuwa nyumba ya mabati yenye uwanja wa changarawe na mawe yaliyopakwa chokaa. Sajenti, Mkamba mmoja wa makamo, alitupokea kwa adabu kuliko nilivyotarajia. Alichukua viazi akampelekea Baba, akarudi kutuambia kwamba yuko mzima, hajapigwa. Lakini inspekta alikuwa ametoka, na mambo yote yalimngoja yeye.

Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta mchana kutwa. Inspekta alirudi alasiri kwenye Landrova, kijana wa kizungu mwenye madoadoa usoni, na baadaye sajenti alitoka kuzungumza nasi. Alichuchumaa ili awe sawa na Nyanya.

"Mama, nitakuambia ukweli. Inspekta anasema kesho mtoto wako apelekwe Nakuru, kwa wale wa kuuliza maswali. Mimi nimemsikiliza mtoto wako na naona kama anasema kweli. Lakini habari ya nyota... Sisi hapa tumekuwa na mawingu karibu kila jioni wiki hii. Hakuna aliyeiona. Mtoto wako anasema gazeti liliandika, lakini mzungu anasema hakuna nyota kama hiyo."

Wale wa kuuliza maswali. Hata mtoto wa Nakuru alijua maana yake. Baba wa rafiki yangu wa shule alipelekwa kwa maswali nilipokuwa darasa la kwanza, na hadi nilipofika la tatu alikuwa bado anaulizwa.

Nyanya alikaza fundo la leso yake. Kisha akasema, "Nyota iko."

"Umeiona, mama?"

"Siiangalii. Lakini iko. Jua likizama itatoka. Mwambie huyo kijana wako angoje."

Sajenti aliingia, akatoka na inspekta nyuma yake. Inspekta alizungumza Kiswahili cha mashambani, kile wazungu walichowasemesha wapishi.

"Mama, hii mtoto yako iko mwongo mingi sana. Mimi nangoja leo. Nyota hapana toka, yeye nakwenda Nakuru. Wewe nasikia?"

"Nimesikia," Nyanya akasema.

Sasa ndipo tulipoanza kuomba juu ya mawingu. Mimi niliomba, kwa kweli, kwa jina la Yesu na kwa macho yaliyofumbwa. Upande wa Mau kulikuwa kweusi na mvua ilinyesha mahali fulani juu kule Molo. Nyanya alikaa ameegemea ukuta na kuipa magharibi mgongo. Nilijiuliza ni kwa nini asitazame. Sikuelewa kwamba alikuwa akiomba kinyume changu na sawa na mimi, vyote pamoja. Alitaka nyota itoke ili mtoto wake atoke, na ilikuwa ndiyo nyota anayoiogopa kuliko kitu chochote duniani.

Jua liliingia ndani ya wingu bila kuonekana. Halafu upepo ukageuka, kama unavyogeuka pale jioni, ukalisukuma wingu kuelekea kusini, na mwanya ukafunguka wa rangi ya kijani kibichi. Nyota kubwa ya jioni ikawa ya kwanza kutokea.

Inspekta alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Akacheka. "Hii? Hii mimi najua. Hii iko kila siku."

"Si hiyo, bwana," sajenti akasema, akitazama huku na huku. "Mama, ni ipi? Mimi naona hiyo moja tu."

Mimi nilikuwa nimeshaiona. Ilikuwa pale pale, kulia na juu, hafifu kuliko jana kwa sababu mbingu ilikuwa bado na mwanga. Ukitazama moja kwa moja ilipotea, ukitazama pembeni ilirudi. Kuieleza kwa maneno nilishindwa. Nilisema, "Kulia, kulia kwa ile kubwa," na sajenti akatazama kulia kupita kiasi. Nikainua kidevu, kama tulivyofundishwa. Kidevu cha mtoto hakimwelekezi mtu popote. Inspekta alikuwa anamwaga chai iliyobaki kwenye changarawe, tayari kuingia ndani, na mwanya wa wingu ulikuwa unaanza kujifunga upande wa chini. Nikatoa mkono.

Nyanya aliupiga mkono wangu ukashuka. Aliupiga kwa nguvu, kwa kiganja, na ukabaki na joto. Akasimama akishika ukuta, akageuka, akaitazama. Sidhani alihitaji kuitafuta. Miaka yote ile ya kuipa kisogo, alijua namna inavyokaa. Akainua mkono wa kulia, akaunyoosha mpaka kiwiko kikawa hakina kona, na kidole mbele.

"Ile," akasema. "Fuata kidole changu. Ile yenye mkia."

Sajenti alikuja akasimama nyuma ya bega lake, akaweka jicho sawa na mkono wake kama mtu anayelenga bunduki. Kisha akasema kitu kwa Kikamba, taratibu. Inspekta naye akaja, ikabidi ainame sana kwa sababu Nyanya alikuwa mfupi. Aliuacha juu mpaka mzungu aliposema "Good Lord" na kuinuka.

Ndipo akaushusha, akaufunga ndani ya leso yake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Baba alitolewa, macho yake yakipepesa, na kabla hata hajatusalimu alitazama juu. Inspekta aliagiza darubini iletwe uwanjani. Sasa alikuwa kijana tu, pengine hakufika miaka ishirini na mitano, na alitaka kuona. Baba alilaza bomba lake la maji kuelekea kaskazini akitumia ukuta wa kituo kama kipimo, akapachika lenzi, na inspekta akapiga goti kwenye changarawe kwa suruali yake iliyopigwa pasi. Alikaa hapo muda mrefu. Baada yake sajenti, baada ya sajenti mimi. Kwenye lenzi mkia ulijaa mpaka ukingoni, na niliona kwamba ilikuwa mikia miwili, mmoja mpana uliopinda na mwingine mwembamba ulionyooka. Hakuna aliyemwuliza Nyanya kama anataka kuona. Alikuwa amerudi kuketi ukutani.

Baba alisema, kwa sauti ya kuomba kidogo, kwamba ana kioo kimoja kimebaki.

"Kwani wewe nangoja nini?" inspekta akamjibu, kisha mwenyewe akaamuru karabai izimwe ofisini na mtu yeyote asiwashe tochi wala sigara. Kwa hiyo picha ya nyota ile ilipigwa kwenye uwanja wa kituo cha polisi, gizani, mpiga picha akiwa mfungwa wao bado, askari wote wamekaa kimya kama kanisani, na Baba akikaza bolti yake kidogo kidogo mpaka wingu likaja likaifunga nyota kabisa.

Aliachiliwa jioni ile ile. Inspekta alimpa mkono. Kuhusu kioo cha kwanza hakusema kitu, wala kuhusu kamba.

Njiani kurudi, Baba alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka hatarini na aliyepata anachokitaka, zote kwa mpigo. Alizungumza juu ya mikia miwili, mmoja wa vumbi na mmoja wa hewa. Nyanya alitembea mbele, mkono wa kulia bado ndani ya leso. Tulipofika, alikiosha kidole kile kwa maziwa, na maziwa akayamwaga nje mbali na mlango. Baba aliona, akaacha kuongea.

Niligundua yaliyobaki kidogo kidogo, katika siku zilizobaki za likizo. Nyanya alimpa jirani kuku wake wote watagaji. Chungu chake kikubwa, ambacho hakuruhusu mtu akiguse, alikipeleka kwa mke wa mchungaji. Alipiga magoti akafukua chini ya kitanda, akatoa nguo mpya ya kitenge, akaikunja juu ya sanduku mahali ambapo mtu angeiona upesi. Akanionyesha pia mahali anapotaka azikwe, kwa kidevu. Hakuwa na huzuni. Alifanya mambo hayo kama mtu anayejiandaa kwa safari ya gari la moshi ambaye hajui tu ni gari la saa ngapi.

Baba alipoileta picha kutoka Nakuru alikuwa ameikuza, ameitia fremu. Ilitoka vizuri. Nyota nyingine zilikuwa zimevutika zikawa mistari mifupi, kwa sababu nyota ya mkia ina mwendo wake wenyewe na Baba alikuwa ameifuata hiyo tu. Nyanya aliishika picha akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Ni yenyewe," akasema. Kisha, bila ukali wowote, "Hii tunayo picha yake. Baba yako hatuna."

Baba alikuwa mtu aliyepiga picha nyuso za nusu ya watu wa Nakuru. Uso wa baba yake mwenyewe hakuujua. Alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, na fremu hakuitundika kule wala kwetu. Aliifunga kwa gazeti akaiweka juu ya kabati la studio, na nadhani hakupiga picha nyingine ya mbinguni baada ya hapo. Darubini aliiweka. Alitazama tu.

Nyanya hakufa mwaka ule wala uliofuata. Alingoja. Akanunua kuku wengine, baadaye, kwa shingo upande. Uhuru ukaja, shamba la mzungu likagawanywa, akapata kipande chake kidogo, akapanda mahindi. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, na likizo moja, nikiwa na kiburi cha mwanafunzi wa sayansi, nilimwambia, "Nyanya, si unaona? Nyota haikukufanya kitu."

Alikuwa anachambua mboga. "Nani amekuambia ina haraka?"

"Lakini kama uliamini hivyo, kwa nini ulionyesha? Ningeonyesha mimi. Nilikuwa nimeshatoa mkono."

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hupika chakula kabla ya kula. "Wewe ulikuwa mtoto," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Alikufa mzee sana, kwa kifua, msimu wa baridi, nikiwa tayari nimeolewa. Kama mtu anataka kusema nyota ilikuja mwishowe, siwezi kumzuia. Huwa inakuja kwa kila mtu.

Nimefundisha sayansi kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, Njoro na baadaye Kiamunyi, na nimewaeleza watoto wengi kwamba nyota ya mkia ni vumbi na barafu, kama Baba alivyosema. Baba alikuwa sahihi katika kila jambo. Kwa hiyo usahihi wake haukumgharimu kitu: kuielekeza darubini kwenye nyota, kwake, kulikuwa sawa na kuielekeza kwenye mlima. Hatari iliyompata ilitoka kwa watu. Mtu pekee aliyesimama mbele ya nyota ile akijua kwamba inamwona alikuwa Nyanya Rasoa, na jambo kwamba haikuwa ikimwona halipunguzi kitu, kwa sababu yeye hakulijua. Mwanafunzi akiniambia kwamba nyanya yake anaamini hivi au vile, darasa likaanza kucheka, mimi huwanyamazisha. Siwaelezi kwa nini. Ninamwambia tu aendelee kusimulia.